Mchele na Bambo: Uzamili wa Takwimu Unafundisha Nini Hasa

Mjomba wangu anauza mchele na maharage soko la Tandale, Dar es Salaam. Siku nilipompelekea habari kwamba nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya takwimu, alikuwa ameshika bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomekwa kwenye gunia kikatoka na nafaka kidogo bila gunia kufunguliwa. Alichomeka, akavuta, akamimina mchele kiganjani, akaupuliza, ndipo akaniuliza: "Kwa hiyo mjomba, miaka miwili unakwenda kusomea kuhesabu?"

Nilicheka tu, sikuwa na jibu. Nililipata muhula wa pili, na kumbe siku ile lilikuwa mkononi mwake.

Utata unaanzia kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili, takwimu ni zile namba zinazosomwa kwenye taarifa ya habari, na takwimu hiyo hiyo ni taaluma inayozichunguza. Asili yake ni Kiarabu, taqwim, neno linalobeba maana ya kunyoosha na kukadiria thamani, na pia kalenda. Mtu akisema anasoma takwimu, msikilizaji anaona majedwali: watu wangapi, ng'ombe wangapi, ajali ngapi. Huo wote ni mchele. Uzamili unashughulika na bambo: lichomekwe wapi, mara ngapi, na kile kilichotoka kinakupa ruhusa ya kusema nini juu ya gunia ambalo hakuna aliyelimwaga.

Mjomba anajua sehemu kubwa ya somo hili bila kulisomea. Hachomeki juu tu, kwa sababu anajua muuzaji mjanja huweka mchele mzuri juu na chenga chini. Huchomeka juu, katikati, chini, na kwenye magunia asiyochaguliwa na mwenye mali. Asichojua, na ambacho chuo kinakaa nacho miezi mingi, ni namna ya kusema kwa namba amekosea kwa kiasi gani.

Chukua sensa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 Tanzania ilimwaga gunia lote sakafuni: watu 61,741,120, kati yao 59,851,347 Tanzania Bara na 1,889,773 Zanzibar. Ni kazi ya gharama kubwa, ndiyo maana hufanywa mara moja katika miaka kumi hivi. Katikati ya hapo, karibu kila tunachosikia juu ya nchi, kuanzia ajira hadi vyandarua, kimetoka kwenye bambo, yaani utafiti wa kaya chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu.

Sasa jiulize. Unataka kujua ni asilimia ngapi ya watu wazima wana simu janja. Zanzibar ina watu chini ya milioni mbili, Bara ina karibu milioni 60. Je, Bara inahitaji sampuli kubwa mara thelathini? Wengi hujibu ndiyo, na hata darasani kwetu tulijibu hivyo. Jibu ni hapana. Ukichagua watu 1,600 kwa bahati nasibu kamili, jibu lako litakuwa na kosa la takribani asilimia 2.5 juu au chini, uwe Unguja, uwe Bara nzima. Kinachoamua ni wingi wa uliowachota. Ukubwa wa gunia hauna neno, mradi gunia ni kubwa kuliko kiganja chako kwa mbali. Hesabu ya haraka ni kugawa moja kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu uliowahoji: watu 400, asilimia 5, watu 1,600, asilimia 2.5, watu 6,400, asilimia 1.25. Angalia bei yake: kupunguza kosa nusu unalipia mara nne. Wenye fedha za utafiti wakikuambia "ongeza sampuli kidogo tuwe na uhakika zaidi", hiyo hesabu ndiyo ya kuwaonyesha.

Ila hiyo asilimia 2.5 ni ajabu kuliko inavyoonekana, na hapa ndipo penye kitovu cha uzamili mzima. Umehoji watu mara moja. Una sampuli moja. Unawezaje kujua jibu lako lingeyumba kiasi gani kama ungeingia tena mtaani ukachota wengine? Hujaingia tena, na hutaingia. Shahada ya kwanza inakufundisha kuandika "wastani wa kaya ni watu 4.6" kana kwamba umechongwa kwenye jiwe. Uzamili unakulazimisha uuone huo 4.6 kama kitu kilichotokea kwa bahati, kimoja kati ya majibu mengi ambayo yangeweza kutokea, kisha ukadirie upana wa hayo mengine yote kwa kutumia lile moja ulilo nalo.

Mwanafunzi anayelielewa hili wiki ya tatu atateseka na hesabu lakini atafika. Asiyelielewa hufaulu mitihani kwa kukariri, akaja kukwama kwenye tasnifu.

Kulifikisha wazo hilo hadi kwenye namba kunahitaji zana, na ndiyo sababu muhula wa kwanza unafanana na hisabati tupu: nadharia ya uwezekano, matriki, kalkulasi ya vigeu vingi, na makadirio. Humo utakutana na kanuni aliyoiweka mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher mwaka 1922, inayosema kwa ufupi: kati ya thamani zote zinazowezekana, chagua ile ambayo ingeifanya data uliyonayo iwe ya kutarajiwa zaidi. Ukiisikia unaona ni busara ya kawaida. Ukiambiwa uthibitishe kwa nini inafanya kazi sampuli inapokuwa kubwa, unaanza kutafuta wenzako wa kusoma nao usiku. Walioumia zaidi kwetu ni waliotoka uchumi na sosholojia, watu hodari kabisa, ambao kwa miaka mitatu walitumia fomula bila kuulizwa zimetoka wapi. Kama ni wewe, tumia likizo kabla ya chuo kurudia matriki na intigrali. Programu za kompyuta zinaweza kusubiri.

Halafu muhula wa pili unaanza, na unaambiwa ile bahati nasibu kamili haipo.

Hakuna mtu mwenye orodha ya watu wazima wote wa nchi ambayo unaweza kufumba macho ukachagua 1,600. Hata ingekuwepo, nani angelipia gari la kwenda Ngara kwa mtu mmoja, Newala kwa mwingine, Mpanda kwa wa tatu? Kinachofanyika ni kuchagua kwanza maeneo ya kuhesabia watu, yale yale yaliyochorwa kwa ajili ya sensa, kisha ndani ya kila eneo wadadisi huorodhesha kaya na kuchagua, tuseme, 25. Gari linasimama mara moja, wadadisi wanafanya kazi siku mbili, wanaondoka.

Nafuu hiyo inalipiwa. Majirani wanafanana. Ukikuta kitongoji chenye kisima kimoja, ukauliza kaya 25 zinachota maji wapi, umepata jibu moja lililorudiwa mara 25. Kwa maswali mengine ufanano ni mdogo, lakini hata mdogo una madhara. Kuna kipimo chake, kinachoanzia sifuri (majirani hawafanani kuliko watu wengine) hadi moja (wote ni sawa kabisa). Tuseme kwa swali lako ni 0.05 tu, kitu ambacho ungekidharau. Chukua kaya 25, toa moja, zidisha kwa 0.05, ongeza moja: unapata 2.2. Maana yake, utafiti wa kaya 2,200 uliofanywa kwa mtindo huo una nguvu ya kaya 1,000 zilizochaguliwa moja moja nchi nzima. Kaya 1,200 zimehojiwa, dodoso zao zimejazwa, posho zimelipwa, na kwa swali hilo ni kama hazikuongeza kitu.

Hesabu hiyo inafanyika nyuma ya bahasha, wala haihitaji kompyuta. Na bado, ripoti nyingi ninazoletewa nizisome zimechambua data za mtindo huo kana kwamba kila kaya ilichaguliwa peke yake. Majibu yao yanaonekana na uhakika kuliko yalivyo. Sidhani kuna somo lingine la uzamili linalotumika Afrika Mashariki kila wiki kama hili, na linashangaza kwa namna linavyofundishwa kwa haraka.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu hulipitia juu juu, na mimi nililijua kwa kuumia. Nikiwa naandaa tasnifu nilipewa data ya kaya za wilaya moja, na kitu cha kwanza nilichofanya, kwa uvivu tu, ni kuchora umri wa waliohojiwa. Mchoro ulitoka kama chanuo: jino refu kwenye 30, jino kwenye 35, refu zaidi kwenye 40, kisha 45, 50. Kwenye 41 na 43 pengo. Nilidhani kompyuta imeharibu. Msimamizi wangu akaangalia, akasema, "Hujawahi kumuuliza bibi yako umri wake?"

Nimewahi. Alisema, "Andika sitini tu." Mamilioni ya watu hujibu hivyo, na watakwimu wana fahirisi ya kupimia tabia hiyo, iitwayo ya Whipple: unahesabu watu wa miaka 23 hadi 62 ambao umri wao unaishia na 0 au 5, unazidisha idadi kwa tano, unagawa kwa watu wote wa umri huo, kisha unazidisha kwa mia. Ikitoka 100, hakuna upendeleo. Ikitoka 500, kila mtu kasema namba nzima nzima. Kwa hiyo chanuo langu halikuwa ajabu. Ajabu ilikuja nilipogawanya data kwa namba za wadadisi. Mmoja wao hakuwa na hata mtu mmoja asiyeishia na 0 au 5. Nikafungua muda uliorekodiwa na kishikwambi: mahojiano ambayo wenzake walimaliza kwa dakika 40, yeye aliyamaliza kwa dakika tisa, mfululizo, kuanzia saa sita mchana. Nadhani alikuwa chini ya mwembe. Simlaumu sana, jua la huko nalijua, lakini kaya zake zilitoka kwenye tasnifu yangu, na sura nzima ya tatu ikaandikwa upya kueleza kwa nini.

Tuje kwenye kitu ambacho kila mtu amewahi kukisikia hata kama hajui ni nini: thamani ya p. Wanafunzi wa fani zote huipigia magoti. Ikiwa chini ya 0.05, kuna sherehe. Ikiwa juu, kuna kilio. Ukimuuliza mtu ina maana gani, atakuambia ni uwezekano kwamba matokeo yametokea kwa bahati tu. Si kweli, na kulifungua fundo hili kunastahili aya mbili tatu.

Mfano wa kihistoria unatoka Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kaskazini mwa London ambako Fisher aliajiriwa mwaka 1919. Mwenzake mmoja, Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani, alikataa kikombe cha chai kwa sababu maziwa yalimiminwa baada ya chai. Alidai anaweza kutofautisha kwa ulimi. (Kwetu ugomvi huu usingezuka, chai ya maziwa inachemka na maziwa yake, tangawizi ndani.) Jaribio likapangwa: vikombe vinane, vinne maziwa yametangulia, vinne chai imetangulia, vimechanganywa, na yeye achague vile vinne. Kuna njia 70 za kuchagua vinne katika vinane, na moja tu ni sahihi kabisa. Kwa hiyo asiyejua lolote, anayebahatisha, ana nafasi moja katika 70, yaani asilimia 1.4 hivi, ya kupata vyote. Hiyo 0.014 ndiyo p.

Isome tena taratibu: *kama anabahatisha*, nafasi ya kupatia ni 0.014. Haisemi kwamba, kwa kuwa amepatia, nafasi ya kuwa anabahatisha ni 0.014. Hizo ni sentensi mbili zilizogeuziana mgongo. Chukua watu 1,000 wa Kariakoo ambao maishani hawajawahi kuwaza maziwa yanatangulia au yanafuata. Wape vikombe. Kwa bahati tupu, kama 14 watapatia vyote vinane. Kila mmoja kati ya hao 14 ana p ya 0.014, na hakuna hata mmoja mwenye kipaji. Ukiwaalika hao 14 kwenye televisheni bila kutaja wale 986, umewadanganya watazamaji bila kusema neno la uongo.

Hivyo ndivyo tasnifu nyingi zinavyoandikwa. Mtu ana vigeu 20, yaani mambo 20 aliyoyapima kwa kila mtu, anajaribu kimoja kimoja dhidi ya ugonjwa fulani, na hata kama hakuna hata kimoja chenye uhusiano wowote na ugonjwa huo, na kila kimoja kinajitegemea, nafasi ya angalau kimoja kushuka chini ya 0.05 ni asilimia 64. Hicho kimoja kinapewa sura yake, mapendekezo kwa serikali, na picha siku ya mahafali. Mwaka 2016 Chama cha Watakwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko rasmi kueleza p ni nini na si nini, karibu miaka mia baada ya kile kikombe. Kuna watakwimu wanaoona dawa ni kuanza na ulichokuwa unaamini kabla, kisha kukirekebisha kwa data, njia inayobeba jina la mchungaji Thomas Bayes, aliyefariki 1761 na maandiko yake yakachapishwa 1763. Vyuo vingi sasa vinafundisha njia zote mbili, na mwalimu wako atakuwa na upande wake. Utaujua wiki ya kwanza.

Usomee wapi? Dar es Salaam kuna Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jirani yake, Changanyikeni, kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa 1965 kuandaa watakwimu wa serikali za ukanda huu. Makerere ilikuwa na taasisi yake ya takwimu tangu 1969. Kenya kuna Nairobi, na kuna Jomo Kenyatta pale Juja. Ukisoma takwimu rasmi utatumia muda mwingi kwenye sensa, tafiti za kaya, bei na pato la taifa. Ukisoma takwimu za kihisabati utathibitisha nadharia hadi vidole viume. Takwimu za afya na viumbe zitakupeleka kwenye majaribio ya dawa na kwenye swali la mgonjwa aliyeacha kuja kliniki katikati ya utafiti, ambaye hujui amepona, amehama au amefariki. Jina la cheti haliambii sana. Tazama orodha ya masomo, kisha muulize aliyemaliza mwaka jana tasnifu ilimchukua muda gani. Wa Tanzania na Uganda waliopata ufadhili wa Ubelgiji huwa wanakwenda Hasselt, na wengi wao wamerudi kufundisha. Ukipata nafasi hiyo usiiache, ila nunua koti kabla ya Novemba.

Kuhusu programu sina mengi. R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman pale Auckland miaka ya 1990, ni ya bure na inatosha. Anayekuambia lazima ununue programu ya bei mbaya ili uwe mtakwimu ana duka.

Tasnifu inahitaji onyo moja. Mada nyingi zinazopelekwa kwa wasimamizi zina sura hii: "Mambo yanayochangia jambo fulani katika wilaya fulani." Hiyo inaweza kuwa tasnifu nzuri ya afya ya jamii au ya uchumi. Ili iwe ya takwimu, swali lazima liguse bambo: je, njia hii ya kukadiria inafanya kazi data ikiwa na mapengo? Tukiwapigia watu simu badala ya kuwatembelea, tunawakosa akina nani, na tunaweza kusahihisha kwa uzito upi? Mtahini wa nje akikukuta huna swali la namna hiyo, atakuuliza kwa upole kwa nini hukwenda idara nyingine.

Na ukimaliza, simu zitaanza. Fisher aliwaambia watakwimu wa India mwaka 1938 kwamba kumwita mtakwimu baada ya jaribio kwisha mara nyingi ni kumwomba apasue maiti aseme imekufa kwa nini. Mimi maiti huletwa kwa WhatsApp, usiku. Ya karibuni ilitoka kwa kijana anayesoma uzamili wa uuguzi. "Shikamoo kaka. Nina data ya akina mama 120, msimamizi anasema p yangu ni kubwa, naomba unisaidie iwe ndogo."

Nikamwitikia, nikamuuliza hao 120 aliwapataje.

Akaandika, akafuta, akaandika tena. "Ni wale waliokuja kliniki Jumanne, kaka. Siku zingine nilikuwa zamu."

Nikampigia. Tuliongea saa nzima, na p hatukuigusa.